Shangazi, nampenda mama yangu lakini kuna usiku natamani yaishe

Assalaam alaykum Shangazi,

Naandika usiku, mama kalala. Nina miaka 41, niliachwa zamani na sikuolewa tena, watoto sikujaaliwa. Naishi kijijini kwetu Kusini Unguja, pwani ya mashariki, na kazi ninayoijua tangu utoto ni mwani. Mama mwenyewe alikuwa katika wanawake wa mwanzo kuupanda, kilimo kile kilipoingia huku kwetu mwaka 1989, na mimi nilikuwa nikimfuata majini kufunga tai-tai, vile vikamba vya kufungia mwani, kabla hata sijaanza skuli.

Mwaka juzi mama alianguka jikoni. Presha alikuwa nayo, lakini dawa alikuwa akizinywa siku akijisikia vibaya na kuziacha akipata nafuu. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia, mkono na mguu, kikamchukua na maneno. Tulipotoka hospitali tuliambiwa tukamfanyishe mazoezi nyumbani. Nani abaki naye? Hilo halikujadiliwa hata kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Kaka yangu mkubwa yuko Muskati, ana kazi na familia. Dada yuko Dar es Salaam, Temeke, ana mume na duka. Mdogo wetu wa kiume yuko mjini, anaendesha daladala. Wote wakanitazama mimi, nisiye na mume wala mtoto.

Naamka kabla ya adhana ya alfajiri. Nambadilisha pampasi, namkogesha, namtawadhisha, namvisha. Namlisha uji kwa kijiko. Chai ikiwa nyepesi inampalia mpaka anatokwa na machozi, nami nabaki nimesimama moyo unanienda mbio. Halafu kufua, kila siku kufua. Kumnyanyua namnyanyua peke yangu, na sasa mgongo wangu mwenyewe unaniuma nikiinama. Usiku ni kumgeuza na kumgeuza tena ili asiote vidonda. Shamba langu la mwani limekufa. Nilikosa bamvua moja, zile siku maji yanapokupwa sana tukaingia shamba, nikakosa la pili, mwani ukakatika ukachukuliwa na maji, vikabaki vigingi. Leo nikitaka sabuni yangu ya kukogea namuomba kaka.

Lakini sitaki ufikiri ni dhiki tupu, Shangazi. Mama yangu alikuwa mkali, mtu wa kazi, si mwanamke wa kumkumbatia mtoto. Sikumbuki kuwahi kukaa mapajani mwake. Sasa nikimchana nywele anaegemeza kichwa tumboni kwangu na kufumba macho. Mkono wake wa kushoto ukiupata wangu hauuachii. Kila baada ya magharibi tunakaa pamoja, mimi naanza Fatiha, yeye anaidaka na kuisoma mpaka mwisho bila kukosa neno. Kasida za Maulidi alizokuwa akisoma na wenzake anaziimba zote. Mtu huyohuyo hawezi kuniambia “maji”. Akitaka maji anasema “mlango”. Wifi yangu alipokuja akamsikia anasoma, akasema mama anajifanya, kusema anaweza ila hataki. Hakuna neno lililoniuma zaidi katika yote haya. Majuzi mama alinyanyua kikombe mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akanywa, nikapiga vigelegele, naye akanicheka mpaka mabega yakamtikisika. Furaha ile sikupata kuiona kwake alipokuwa mzima.

Na pamoja na hayo kuna usiku, saa tisa, nimeshamgeuza mara ya tatu, pampasi imevuja, shuka kavu hakuna, wazo linanijia: Mola amchukue apumzike, na mimi nipumzike. Likishapita naogopa. Namtazama alivyolala, nalia. Sijamwambia mtu. Nilipomwambia dada kwamba nimechoka tu, akanambia nisome Suratul Israa, Mungu kakataza kumwambia mzazi hata “ah”, na kwamba wao wananionea wivu kwa thawabu ninazochuma. Kaka anatuma pesa, na kila akituma anauliza za mwezi uliopita zimekwendaje. Mtaani kuna maneno kwamba nakula pensheni jamii ya mama, ile posho ya wazee. Na mama mwenyewe siku hizi analia bila sababu, chakula anakisukuma.

Nambie mambo mawili. Je, mimi ni mtoto mbaya? Na nitaendeleaje? Kumwacha mama sitaki, na hivi nilivyo kuendelea siwezi.

Binti wa Mwani, Kusini Unguja

*

Wa alaykumu salaam, mwanangu,

Hapana, wewe si mtoto mbaya. Nalitanguliza hili kwa sababu najua ndilo uliloruka mistari yote kulitafuta.

Sasa turudi kwenye barua yako, maana jibu umeliandika mwenyewe. Wazo linalokutisha umelitajia saa yake: saa tisa ya usiku, baada ya kumgeuza mara ya tatu, shuka hakuna. Haliji baada ya magharibi mnaposoma. Halikuja siku ya kikombe. Lingekuwa ni chuki juu ya mama yako, lingekuja na mchana, lingekuja ukimchana nywele. Linakuja saa ambayo mwili wako haujalala usiku mzima mmoja tangu mwaka juzi. Wengi waliouguza kwa muda mrefu wamelipata wazo hilohilo, na wengi wamelificha kama ulivyolificha wewe, wakaishi na hofu kwamba wao peke yao ndio wenye moyo mbovu. Upande wa dini muulize sheikh unayemwamini, mimi si mtu wa kutoa fatwa. Upande wangu nakwambia kwamba dua ya mtu aliyezidiwa isichukuliwe kuwa ndiyo nia yake. Lakini sikiliza na hili: wazo likianza kugeuka, ukajiona unataka kumuumiza yeye au kujidhuru wewe, usingoje asubuhi. Mwamshe jirani, aje akae na mama, wewe utoke nje, na siku hiyohiyo ufike kituo cha afya useme kama lilivyo.

Kuhusu mama na Fatiha yake. Mwanangu, mama hajifanyi. Kiharusi kilichopooza upande wa kulia kimeupiga ubongo upande wa kushoto, na kwa watu wengi huko ndiko maneno yanakotafutwa na kupangwa. Kulitafuta neno la kitu unachokitaka sasa hivi ni kazi moja. Kuyatoa maneno uliyoyahifadhi tangu utoto, sura, dua, kasida, kuhesabu moja mpaka kumi, ni kazi nyingine, na mara nyingi hiyo hunusurika hata ile ya kwanza ikiharibika. Ndiyo maana “maji” yanakuwa “mlango”. Yeye anajua anataka nini. Anapofika kulichukua neno, mkono unaangukia la pembeni yake. Mwambie wifi yako hivyohivyo, mbele ya watu wengine ikibidi, maana kumsingizia mgonjwa kwamba anajifanya ni kumnyima hata ule uso wa kuelewa anaoutegemea.

Na kumbe hapo una dawa mkononi. Endeleeni kusoma na kuimba kila siku, na katikati ya beti anazozijua nyamaza, umwachie neno la mwisho alijaze yeye. Unapomuuliza, muulize swali moja fupi ambalo jibu lake ni ndiyo au hapana, umwoneshe na kitu chenyewe: kikombe hiki? Kanga hii? Usimalizie kauli yake haraka. Mpe nafasi, hata kama nafasi hiyo inakuchosha kuingoja. Hospitali uulizie kama kuna mtaalamu wa matamshi, na mazoezi ya viungo msiyaache kwa sababu mwaka umepita. Nafuu huja kwa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo, lakini kikombe cha majuzi kimekuonesha kwamba mlango haujafungwa.

Nakuja kwa ndugu zako, na hapa nitasema wazi.

Aya aliyokupa dada yako ni ya kweli. Aliyekosea ni yeye aliyeisoma kana kwamba iliteremshwa kwa binti mmoja asiye na mume wa Kusini Unguja. Mama huyu ana watoto wanne. Agizo la kuwafanyia wazazi wema ni la kaka wa Muskati, la dada wa Temeke na la dereva wa daladala kama lilivyo lako. Na kama kweli wanazionea wivu thawabu zako, boti kutoka Dar es Salaam ni mwendo wa saa mbili hivi, waje wachume. Nimekuwa nikizisoma barua za namna hii kwa muda mrefu, na karibu kila mara naikuta subira inahubiriwa na mtu ambaye hajawahi kubadilisha shuka ile. Subira ni yako wewe kuichagua. Haifai ndugu zako waitumie kukufungia mlango.

Wewe unafikiri tatizo ni uchovu wa moyo. Mimi naona tatizo ni kwamba kazi ya watu wanne anaifanya mmoja, na kazi hiyo haitapungua kwa kusifiwa. Pesa ya kaka yako ina maana kubwa na mshukuruni kwa hiyo, ila pesa haimgeuzi mtu saa tisa ya usiku. Unahitaji mikono.

Basi usiwaombe “mnisaidie”. Neno hilo kila mtu hulikubali, na halimfungi mtu yeyote. Omba bamvua. Wewe ni mtu wa pwani, unajua kwamba bamvua linakuja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku zake zinajulikana mapema. Hakuna ndugu atakayesema hakujua ni lini. Bamvua moja la mwezi awe mdogo wako wa kiume. Gari amwachie deiwaka, dereva wa kibarua, kwa siku hizo, alale kijijini, usiku amgeuze mama yeye. Kumkogesha na kumbadilisha ataona haya, na mama pia ataona haya, kwa hiyo hayo mtafutieni mama wa jirani alipwe. Kumlisha, kumgeuza na kumketisha barazani hakuhitaji mwanamke. Bamvua jingine awe dada, hata kama ni mwezi mmoja aje, mmoja asije. Kaka wa Muskati, kwa kuwa hawezi kuja, alipe huyo mama wa jirani kwa mwezi, asaidie kila siku kufua na kumkogesha, na akipata likizo aje akae na mama yeye, asije kutembelewa na wageni sebuleni.

Na wewe siku hizo za bamvua uende majini.

Nasisitiza hili kwa sababu najua utataka kuzitumia kulala tu. Lala, usiku wa kwanza lala mpaka uchoke kulala. Halafu maji yakipwa nenda. Anza na kamba chache, si shamba zima, mbegu uwaombe wenzako. Mwani ukipandwa leo unavunwa baada ya wiki sita hivi, yaani baada ya mabamvua matatu tu, na pesa ya kwanza itakayoingia, hata ikiwa ndogo kwa bei hizi za siku hizi, itakuwa ni sabuni uliyoinunua mwenyewe. Kule pia wako wanawake wenzako. Katika barua nzima hukumtaja rafiki hata mmoja, na mwanamke wa mwani hakosi marafiki. Wako kule ulikoacha kwenda. Bahari imepata joto, mwani unakufa zaidi kuliko zamani, hayo nayajua, na hata hivyo nakwambia nenda.

Mambo ya kumuuguza mama kitandani nitayapitia haraka, na yote muoneshe muuguzi akukosoe. Usimnyanyue peke yako. Mketishe kwanza ukingoni mwa kitanda, kiti ukiweke upande wake wa kushoto ulio mzima, kunja magoti kidogo badala ya kuinama mgongo, umwambie ahesabu nawe moja, mbili, tatu. Kuhesabu anaweza, na atasaidia. Mkono uliopooza usiuvute hata kidogo, bega linateguka. Kumgeuza kila baada ya saa mbili ndiyo kawaida inayofundishwa, lakini ukipata godoro zuri na mito ya kutenganisha magoti na kuinua visigino, muulize muuguzi kama usiku mnaweza kurefusha. Kila asubuhi tazama visigino, nyonga na chini ya mgongo. Pakionekana pekundu au peusi kuliko ngozi yake na rangi isirudi, nenda kituoni siku hiyo.

Kule kupaliwa usikuzoee. Chai na maji ni hatari kwake kuliko uji mzito, kwa sababu vinakimbia kooni kabla hajawa tayari, vikiingia mapafuni vinaleta homa ya mapafu. Mketishe wima kabisa, vijiko vidogo, upande wa mdomo ulio mzima, na akimaliza asilale kwa nusu saa. Daktari aambiwe anapaliwa, ampime namna anavyomeza.

Na kulia kwake. Huku kulia bila sababu na kukataa chakula usikuite uzee wala deko. Takriban mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi hupata sonona baada yake, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na sonona ina tiba. Tena kiharusi chenyewe kinaweza kumfanya mtu alie ghafla hata asipokuwa na huzuni, na hilo nalo lina dawa. Daktari ndiye wa kutofautisha. Mwambie lini kumeanza, mara ngapi kwa siku, na kwamba chakula anakisukuma. Siku hiyohiyo nawe upimwe presha yako. Uliniandikia habari za mwili wa mama ukurasa mzima na wako mstari mmoja. Mama yako alikuwa na presha, wewe hulali, na sijaona mahali uliposema kwamba umewahi kupimwa.

Maneno ya mtaani kuhusu pensheni jamii yanauma, lakini ni rahisi kuyakata kuliko unavyodhani. Posho hii kila mzee wa Zanzibar aliyefika miaka 70 ana haki nayo, ilianza mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na hata ilipoongezwa baadaye kila aliyewahi kununua pampasi anajua zinakwenda wapi. Nunua daftari la skuli. Upande mmoja kilichoingia, cha pensheni na cha kaka, upande wa pili kilichotoka, pampasi, sabuni, dawa, nauli. Mwisho wa mwezi piga picha kurasa hizo uwatumie ndugu zako wote watatu kwa pamoja kabla hawajauliza. Kaka yako akiona mwezi mzima umeandikwa, huenda kwa mara ya kwanza ataona na kilichokosekana humo: hakuna mstari wa mshahara wako. Mwache alione.

Ule ulaini wa mama ulionisimulia, kile kichwa tumboni kwako, ni chako kwa haki. Wengine hungoja mzazi mkali alegee mpaka wanamzika hawajakiona. Usikubali mtu akutumie hicho kukwambia basi umeshalipwa, usidai mengine. Unakipata kwa sababu uko karibu, na ndugu zako nao wakija kulala hapo watakipata, kila mmoja kwa namna yake. Nadhani hilo ndilo litakalomfanya mdogo wako arudi bamvua la pili bila kuitwa.

Najua mwanzo ndio mgumu, kwa hiyo maneno haya nakuandikia mimi. Yasome kwa sauti, yarekodi kwenye simu, yatume kwa wote watatu mara moja:

“Kaka, dada, mdogo wangu, mama hajambo kidogo, ila analia na anapaliwa, wiki hii nampeleka kwa daktari. Mimi siendi popote, niko naye. Lakini peke yangu siwezi tena, na nikianguka mimi, mama atakuwa hana mtu. Kuanzia mwezi ukiandama nataka mtu wa kukaa na mama siku zote za bamvua. Mdogo wangu, la mwanzo ni lako. Dada, la mwezi mpevu ni lako. Kaka, nataka umlipe mama wa jirani kila mwezi, kiasi tutakubaliana wote. Siku hizo mimi nitakuwa majini asubuhi na usiku nitalala. Nijibuni kabla ya Ijumaa, kila mtu kwa sauti yake.”

Ukimaliza kutuma, zima data ulale. Atakayekataa niandikie ni nani na kasema nini, nitakujibu hilo peke yake.

Shangazi